Dawa Tatu za Mwalimu

Sitaanza na mahali alipozaliwa, wala alikuwa mtoto wa ngapi kwao. Yeye mwenyewe angekasirika. Watu wa upande wetu wote, kutoka soko la Kianjokoma kuteremka mpaka kwenye kahawa, walimletea maisha ya marehemu wao awapigie taipu, na karibu kila karatasi ilianza na mwaka wa kuzaliwa na orodha ya ndugu. Mwalimu alisoma mstari wa kwanza, akavua miwani, akauliza, "Kuzaliwa ni kazi ya mamake. Yeye huyu baba yenu alifanya nini? Alikuwa anacheka nini?" Wakishaanza kubishana baba alikuwa anacheka nini, ndipo alipogeukia kompyuta.

Alipozikwa yeye, karatasi iliyosomwa mbele ya watu ilikuwa na alama ya kalamu nyekundu kwenye pembe ya juu: tisa juu ya kumi. Mimi ndiye niliyeichapisha hivyo, na watu wengi wameniuliza ni uchafu gani huo niliouacha. Haukuwa uchafu. Nimeandika haya ili niwajibu mara moja nipumzike.

Alinifundisha darasa la sita na la saba. Leo natengeneza kompyuta katika chumba kidogo juu ya duka la vipuri pale Makutano, Meru, na kwa miaka mingi, kila nilipokuja nyumbani mwisho wa mwezi, simu yake ilinipata kabla sijavua viatu. "Wawira, umefika? Kunywa chai huko kwenu kwanza. Halafu kuja uone vile hii kitu inanifanyia." Hakuna mteja aliyenitesa kama yeye, na hakuna niliyempenda zaidi. Nalisema mapema nisije nikaonekana nalalamika tu.

Kitu chenyewe kilikuwa antivirus, ile programu ya kulinda kompyuta dhidi ya virusi. Yeye aliiita dawa. Hakuwa na moja, alikuwa na tatu, zote ndani ya mashine moja kuukuu, na alizipa majina kwa picha zake: Ngao, Kufuli na Jicho. Alizichukia zote tatu. Lakini kila nilipomwambia niziondoe alikataa katakata, na kwa muda mrefu nilidhani ni ukaidi wa uzee. Ndani ya mojawapo kulikuwa na ukurasa mmoja ulioandikwa na mkewe, ambao yeye hakuwahi kuusoma, na mkewe alikuwa ameshafariki. Kufuta dawa kungekuwa kufuta ukurasa. Hilo nililijua nikiwa nimeshamgombeza sana, na bado linaniuma.

Zilifikaje tatu? Mwalimu alikuwa na kahawa chini ya nyumba, na mtu wa kahawa ana akili yake. Anajua kwamba dawa moja haimalizi shida zote, kwa hiyo anachanganya kwenye pampu ya mgongoni: ya kuvu, ya wadudu, na mbolea ya majani juu yake, ili mgongo uchoke mara moja. Basi alipoambiwa na mtu wa sokoni kwamba Ngao hainasi kila kitu, aliongeza Kufuli. Kufuli lilipoanza kumlilia alinunue upya, akaongeza Jicho. Kwenye kompyuta mambo hayaendi hivyo. Kila dawa iliwaona wenzake wawili kuwa ndio ugonjwa, zikakesha zikikaguana. Asubuhi aliwasha mashine, akaenda kukamua ng'ombe, akapeleka maziwa, akarudi, akaikuta bado inafunguka.

Kosa la pili lilikuwa zuri zaidi. Kahawa hunyunyizwa kabla ya mvua, kwa hiyo dawa za kompyuta nazo alizisasisha mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa kumi. Miezi mingine modemu yake ililala kabatini pamoja na Biblia za ziada.

"Mwalimu," nikamwambia, "virusi vya kompyuta havingoji mvua."

"Na wewe ulishawahi kuchunguza ukaona havingoji?"

Sikuwa nimechunguza. Nikainamia kibodi kama nilivyoinamia daftari darasa la sita.

Lazima nieleze virusi vilitoka wapi, kwa sababu ndipo penye tabia yake. Kwetu mtu hazikwi bila programu. Iwe maskini iwe tajiri, lazima karatasi iwepo, ina picha, ina utaratibu wa ibada, ina maisha ya marehemu, na mjukuu mmoja anasimama na maikrofoni kuisoma huku anatetemeka. Mwalimu alipostaafu ndipo alipoianza kazi hiyo. Hakuchukua malipo. Walioweza walimletea ndizi. Familia moja iliyotoka mbali kule Kiritiri ilimletea gunia la ndengu na ikalala kwake siku mbili, kwa sababu marehemu alikuwa na maneno mengi. Kila aliyemwandikia alimhifadhi katika folda moja aliyoiita WATU WETU.

Picha za marehemu huja kwa flashi. Na katika kazi yangu nimejifunza kwamba hakuna flashi chafu kuliko flashi ya matanga. Imepita kwa binamu Nairobi, imepita kwa ofisi ya kanisa, imepita kwa mashine tatu za sokoni, kila mtu ameongeza picha na kila mashine imeongeza ugonjwa wake. Nilimsihi awakataze. Nilimwandikia hata bango la kubandika mlangoni.

"Mtu amefiwa na mama," akaniambia, "amepanda hii mlima yote na miguu, halafu mimi nimwambie flash yako ni chafu? Wewe unaweza?"

"Naweza, Mwalimu."

"Basi ndiyo maana uko Makutano."

Bango alilitumia kufunika ndoo ya maziwa.

Jicho ndilo lililokuwa na sauti. Lilikuwa limewekwa na sauti ya mwanamke wa Kiingereza, na Mwalimu hakujua jinsi ya kumnyamazisha. Siku moja familia ya shemasi mmoja ilikuwa imeketi sebuleni, kimya, mjane na watoto na wazee. Mkwe mmoja ambaye hakuwa ameonekana nyumbani kwa miaka alichomoa flashi mfukoni, akampa Mwalimu, Mwalimu akaichomeka, na yule mwanamke akapiga kelele, "Threat detected!" Mzee mmoja akauliza amesemaje. Mtoto wa shule akamtafsiria kwamba hatari imeingia nyumbani. Watu wote wakamgeukia mkwe. Mwalimu alinisimulia kisa hicho huku machozi yakimtoka kwa kicheko, lakini aliniambia pia kwamba siku hiyo alimwandikia mkwe yule mstari wake mwenyewe kwenye karatasi, kwamba alirudi, ili asiaibike mara mbili.

Kalamu nyekundu ilikaa kwenye mfuko wa shati lake tangu enzi za ualimu. Alikata nayo maneno matamu. "Hakuwa na adui? Hapana. Weka adui mmoja, watu waamini hayo mengine." Kulikuwa na bwana mmoja aliyekunywa pombe mpaka akauza mlango wa nyumba. Mjane akaomba iandikwe tu kwamba alipenda watu. Mwalimu akafikiri, akaandika: "Alipenda kukaa na watu mpaka soko lifungwe." Ilipofika siku yenyewe na mjukuu akasoma mstari huo, mjane ndiye aliyecheka kwanza, na kanisa lote likamfuata.

Na alama zake! Katika miaka yote ya shule hakuna aliyewahi kupata kumi juu ya kumi kwake. "Kumi ni ya Mungu," alisema, "tisa ni ya mwalimu, wewe ukipata nane nenda ukashukuru." Mimi nilipata nane mara moja, insha kuhusu ng'ombe wetu, na mamangu aliiweka kwenye fremu.

Mtu huyu aliyewataka wengine waseme ukweli hakuwahi hata siku moja kusema "nimekosa". Alikuwa mchoyo wa sukari, alikupimia kijiko akisawazisha kwa kidole. Aliitukana kompyuta mpaka ukaona haya, na ilipofunguka akaiambia "asante" kwa heshima kama mtu aliyehudumiwa benki. Alituchapa tukinakili, lakini mimi nilimwona akinakili barua nzima ya shukrani kutoka kwa karatasi ya mtu mwingine, nilipomtazama akasema huo ni utafiti.

Mkewe tulimwita Mama Njeru. Alikuwa mwenye maneno machache, na ndiye aliyejua kila kitu kiko wapi. Alijifunza taipu uzeeni kwenye ofisi ya kanisa, alipochaguliwa kuwa katibu wa akina mama, na alipiga kwa vidole viwili tu bila kukosea. Kati yao kulikuwa na mzaha wa miaka mingi. Mwalimu alikuwa akisema, "Mimi nimeandikia kila mtu. Mimi nitaandikiwa na nani?" Naye anajibu akiwa jikoni, "Nitakuandikia mimi, na sitaongeza chumvi. Na nitakuzika mimi, kwa sababu wewe unaogopa jeneza." Nilikuwa nimeusikia mzaha huo mara nyingi mpaka nilikuwa siusikii tena.

Mama Njeru akaugua, akalazwa Embu, na siku chache kabla ya kufariki akamwambia, "Ile kitu yako niliandika. Niliitoa kwa kanisa na flash, nikaiweka kwa mashine yako. Utaiona." Mwalimu alidhani ana homa. Baada ya mazishi akakumbuka, akawasha kompyuta, akatafuta. Akafungua kila folda. Hakukuwa na kitu. Flashi ya kanisa ilikuwa imeshafutwa na kujazwa nyimbo za kwaya.

Aliniambia haya yote siku niliyokuja na kelele zangu za kuondoa dawa. Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye kibodi. Akaushika mkono wangu, mtu ambaye hakuwahi kunigusa isipokuwa kwa kiboko, akasema, "Aca, hapana, Wawira. Usifute. Kuna kitu ya Mama Njeru huko ndani."

Nilielewa mara moja kilichotokea, kwa sababu ni kitu ninachokiona kila wiki. Flashi ya kanisa ilikuwa na virusi. Ukurasa uliingia navyo, na mojawapo ya dawa ikaukamata dakika ileile Mama Njeru alipouweka na kuondoka, ukatupwa karantini, yaani chumba cha kufungia faili zenye ugonjwa ndani ya dawa yenyewe. Nilifungua karantini ya Ngao, haukuwemo. Nilifungua ya Jicho, nikakuta picha za matanga tu. Ikabaki Kufuli. Na Kufuli lilikuwa limekwisha muda wake: ukilibofya linakuletea ukurasa wa kulinunua upya, na ukurasa wenyewe hauendi popote, kwa sababu waliolitengeneza walikuwa wameacha kulitengeneza. Sijawahi kuichukia programu kama nilivyoichukia ile. Kuiondoa ni kufuta chumba na kilichomo, na kuifungua haifunguki.

"Nipe mashine niende nayo Makutano," nikamwambia. "Huko nina vifaa. Nitatoa diski, nitaifungulia nje."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa tutajua haimo."

"Hapo ndipo shida iko," akasema. "Saa hii, najua iko. Ukiitafuta na ukose, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Kwa hiyo tuliishi hivyo, miaka minne. Nilikuja kila mwisho wa mwezi kufanya kazi ya kipuuzi kuliko zote nilizowahi kufanya, ya kuiweka hai programu iliyokufa. Na kila mara tulizungumza juu ya siku ambayo tungeiondoa, kama watu wanaopanga kujenga. Nilimweleza kwamba angeweza kubaki na ile kinga inayokuja ndani ya kompyuta yenyewe, haina makelele, haidai kitu.

"Ya bure?" akauliza. "Na anakula wapi, huyo ameitengeneza?"

"Imeshalipiwa ukinunua mashine."

"Kwa hivyo ilikuwa hapa wakati wote?"

"Ilikuwa. Ulipoweka hizo zingine ikajiondoa yenyewe ikakaa pembeni."

Jambo hilo lilimgusa. Nilimweleza pia kwamba angeweza kuhamia mfumo mwingine kabisa, ambao virusi vya flashi za kwetu haviujui, akajibu kwamba mtu wa umri wake hahami boma kwa sababu ya panya. Akachagua ile ya ndani. "Hiyo ina adabu," akasema. Lakini bado, si leo. Nami nikanywa chai nyumbani kwetu kabla ya kwenda, kwa sababu tangu Mama Njeru aondoke, chai kwa Mwalimu ilikuwa maji ya moto na nia njema.

Mara ya mwisho nilipomwona ni yeye aliyenijia. Ilikuwa asubuhi, malori ya miraa yanapiga honi pale chini, na mimi natafuta bisibisi yangu, nikasikia mtu anapanda ngazi polepole akipumzika kila baada ya hatua mbili. Alikuwa amebeba kompyuta kifuani, imefungwa kwa leso ya Mama Njeru, ile ya manjano. Alikuwa amekonda. Nilimpokea mzigo, nikamsalimu, nikampa stuli.

"Imekataa kuwaka," akasema. "Wiki mbili. Nimeiongelesha, imekataa. Sasa imekufa yenyewe, mimi sina kitu nachelewesha. Tafuta."

"Mwalimu, utapumzika kwanza."

"Nitapumzika hapa nikikuangalia."

Nilitoa diski. Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kuinakili yote kwenye mashine yangu, ili hata nikikosea pawe na ya pili, na kazi hiyo ilikwenda mpaka adhuhuri. Hakula. Alikaa wima na mikono juu ya magoti kama mzazi aliyeitwa shuleni. Kisha nikaingia kwenye chumba cha Kufuli. Kulikuwa na faili nyingi, zote zimebadilishwa majina zikawa tarakimu. Mafundi wenzangu wa mbali walikuwa wametengeneza kiprogramu kidogo cha kuzifungua, nami nilikuwa nimekitunza tangu ile siku aliyonishika mkono, nikingoja. Nikaanza kuzifungua moja moja. Picha ya jeneza. Picha ya kwaya. Ratiba ya ibada. Sioni haya kusema kwamba niliomba Mungu, mimi ambaye huwa sisumbui Mungu kwa mambo ya kompyuta.

Ya ishirini na kitu ilikuwa na maandishi. Jina lake la mwanzo lilikuwa MWALIMU.

Nikaisafisha virusi vyake, sikuisoma. Nikasema, "Iko." Nikaichapisha, nikampa. Alivaa miwani, akaitazama, akaivua, akaifuta, akaivaa tena, kisha akanirudishia karatasi. "Soma wewe," akasema. "Na usiongeze sauti ya kanisa."

Nikasoma:

"Huyu mtu alikuwa anacheka peke yake kwa zizi akikamua, akifikiri sisikii. Alikuwa anacheka mambo ya watoto wa shule wa zamani sana. Alikuwa mchoyo wa sukari. Hakusema nimekosa hata siku moja. Alikuwa anaenda kupasua kuni hakuna mtu amemwomba, na mimi nilikuwa najua hizo kuni ni za nini. Aligombana na kompyuta kuliko vile aligombana na mimi. Aliogopa virusi sana, lakini sijaona akirudisha mtu amefiwa na flash yake. Ameandikia kila mtu. Yeye nimemwandikia mimi. Na ni mimi namzika, vile nilisema, kwa sababu akiachwa peke yake hawezi jua majani ya chai iko wapi."

Hapo ndipo ilipoishia. Nilikuwa nalia, na sikujaribu kujificha. Mwalimu alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaiweka juu ya meza yangu kati ya nyaya na skrubu, akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Nikajua atakata kitu. Alipita mstari kwa mstari na ncha ya kalamu hewani, bila kugusa, mpaka chini. Hakukata hata neno moja. Akarudi juu, kwenye pembe, akaandika tisa juu ya kumi.

"Mwalimu, tisa?" nikauliza. "Tisa si yako mwenyewe?"

"Nimempa yangu," akasema. "Kumi ningempa pia. Lakini alisema atanizika."

Tukakaa. Baadaye nikamwekea diski mpya yenye nakala ya ile ya zamani, mashine ikawaka, nikamuuliza kama sasa naweza kufuta zile dawa, akasema futa, zote tatu. Akasimama nyuma yangu kuangalia. Ilikwenda Ngao, likaenda Jicho, na Kufuli likauliza kwa Kiingereza kama tuna hakika tunataka kuondoka. Mwalimu akabonyeza mwenyewe.

Akaikunja karatasi, akaifunga ndani ya leso ya manjano, akaniambia nibaki na nakala, nitaihitaji. Alipofika mlangoni akageuka.

"Majani nilipata," akasema. "Yalikuwa kwa mkebe wa kakao. Nilitafuta mwezi mzima. Nilitaka sana kumwambia."